Tik inayohama na tik isiyohama: nilivyozihamisha CD za mama kwenye kompyuta

Mama ndo aliyegundua. Mi nilikuwa nimeshamaliza, flashi nimeshampa, nimerudi zangu Dar nikijua kazi imeisha, CD zake 63 zote zimeingia kwenye kompyuta kwa siku mbili tu. Siku ya tatu ananipigia asubuhi, "mwanangu hizi nyimbo umezifanyaje? Huyu mwimbaji anakatika katikati ya neno." Nikamwambia mama hiyo itakuwa redio, izime uiwashe tena. Akasema redio ni ileile na nyimbo nyingine zinapiga vizuri, tena akanitajia ni ubeti wa ngapi na ni neno gani.

Ilikuwa mwaka 2012. Nyumbani Tanga, Ngamiani, mama alikuwa na boksi la viatu limejaa CD, nusu ni orijino, taarab ya Unguja na dansi zilizotengenezwa Ulaya zina karatasi na picha, nusu ni zile za kuchoma, mtu kachukua kanda za zamani za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vya Tanga, akaziingiza kwenye CD tupu akaandika kwa kalamu juu. Na ilikuwepo moja ya harusi ya dada yangu, 2003, iliyochomwa na fundi sauti aliyekuwa na mikisa siku ile. Hiyo hamna nakala nyingine duniani. Ndani yake yumo bibi yangu, mzaa mama, anaimba beti mbili na vigelegele vyake, na bibi alifariki 2009. Kwa hiyo mama aliposema nyimbo zinakatika mi akili ilikwenda kwenye ile moja kwa moja. Nikafungua faili lake kwenye kompyuta yangu nikasikiliza, na kweli, bibi anaanza kuimba, tik, neno limeliwa, anaendelea, tik tena.

Kitu cha kwanza nilichofanya ambacho mpaka leo ndo nakifanya kwanza kabla ya kingine chochote, ni kujua tatizo limekaa wapi. Nikalipiga lile faili kwenye simu na iafoni. Tik ipo palepale, sekunde ileile. Kwa hiyo sio redio ya mama, sio spika zangu, faili lenyewe lina kidonda. (Kuna siku nyingine ilikuwa kinyume chake, faili kwenye kompyuta linachakaza lakini kwenye simu ni safi kabisa, hiyo ilikuwa draiva tu, ile programu ya kuendesha kadi ya sauti, nikaibadilisha ikaisha. Wengi wanaripi upya, yaani wanaitoa CD nzima tena kuiingiza kwenye kompyuta, kumbe faili halina kosa.)

Nikarudi Tanga wikiendi ile kulichukua boksi. Nikaiweka CD ya harusi kwenye deki ya mama ya siku zote, na deki ikaipiga vizuri karibu yote. Hapo ndo nilichanganyikiwa, nikasema sasa CD nzima, faili bovu, inakuwaje? Ilibidi nisome sana usiku ule kujua CD ya muziki inafanyaje kazi, na nikielewa hilo mambo mengine yote yakawa rahisi, ndo maana nalieleza hapa kwa kirefu.

CD ya muziki imegawanywa vipande 75 kwa kila sekunde moja ya wimbo, na kila kipande kina baiti 2352 za sauti tupu. CD ya kuwekea mafaili, picha au barua, kipande kama hichohicho kinabeba baiti 2048 tu za kwako, nafasi inayobaki imewekewa anwani ya kipande na masahihisho ya ziada. Ndo maana ukikopi picha kutoka kwenye CD ni moja kati ya mawili, iingie nzima au kompyuta ikwambie imeshindwa. Muziki hauko hivyo. Muziki una ngazi yake moja ya masahihisho, na ni nzuri sana, inaweza kuziba mkwaruzo unaokula kama milimita mbili na nusu za njia bila wewe kusikia chochote. Ikizidi hapo, deki inakisia, inachukua sauti ya kabla na ya baada inaunganisha katikati, na sikio mara nyingi halijui. Halafu deki inasoma taratibu, dakika moja ya wimbo kwa dakika moja. Draivu, yaani kile kisomeo cha CD cha kompyuta, inaweza kukimbia hata mara 40 ya hapo, na ikikosa inakupa chochote ilichopata, programu inapokea, inaandika faili, inakwambia tayari. Hakuna onyo lolote. CD zote 63 ziliandikiwa "tayari".

Basi nikaripi tena ile CD ya harusi, kompyuta ileile, programu ileile. Tik zipo. Lakini nilipoweka faili la kwanza na la pili pamoja kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, lile la juu na lile la chini, nikaona tik hazipo sehemu moja! La kwanza dakika ya 2 na sekunde 14, la pili 2 na 31, nyingine kwenye wimbo ambao mara ya kwanza ulikuwa safi. Nikaripi mara ya tatu, zikahama tena.

Hapo nilishusha pumzi kwa mara ya kwanza. Mkwaruzo hauhami jamani. Uko pale ulipo kwenye plastiki, kesho na keshokutwa. Tik ikihama mara nyingi maana yake CD haina kosa kwa sehemu ile, kosa liko njiani, kati ya draivu na kompyuta. Ukiniuliza nimejifunza nini kwenye kazi hii yote nitakwambia ni hilo, ripi mara mbili ulinganishe kabla hujagusa kitambaa wala dawa yoyote. Nimeona watu wanasugua CD nzima mpaka wanaiharibu kwa tik ambayo haikuwa yake.

Sasa njiani kuna nini. Kompyuta yangu ilikuwa ya mtumba, imetoka Ulaya, ya mezani, Windows XP, draivu imeungwa kwa ule waya mpana bapa. Nikagundua wakati wa kuripi mshale wa mausi unakwama kwama na prosesa imepanda juu kabisa, kazi ya kukopi CD haitakiwi kuichosha kompyuta hivyo. Nikaingia kwenye Device Manager, ile orodha ya vifaa vya kompyuta, kwenye njia ya IDE, yaani ya ule waya bapa, ambayo draivu imekaa, kumbe imeandika PIO. Ilitakiwa iwe DMA. Tofauti yake ni kwamba kwenye DMA draivu inapeleka data yenyewe kwenye memori, kwenye PIO prosesa inabeba kila kitu kwa mkono wake, ndo ile kukwama.

Na kwa nini imekuwa PIO wakati nilipoinunua ilikuwa sawa? Hii ndo sehemu iliyonigusa. Windows XP ilikuwa na tabia, draivu ikigoma kujibu au ikileta makosa ikafika mara sita, inaishusha ngazi, ikiendelea inaishusha mpaka PIO, na haiirudishi juu yenyewe hata ukizima ukawasha. Nikaangalia mafaili yangu kwa saa yalivyoandikwa. CD kumi na kitu za mwanzo safi. Halafu ikaja CD moja ya dansi iliyokwaruzwa vibaya sana, nakumbuka niliilazimisha nikaiacha inahangaika zaidi ya saa moja nikaenda kula. Kila CD iliyofuata baada ya hiyo ina tik. Kumbe CD moja mbovu ndo ilishusha draivu, na zile karibu hamsini zilizofuata zikalipa, na ya bibi ilikuwa kati ya hizo.

Na PIO inaletaje tik? Vile vipande vya muziki nilivyosema, ndani ya ile sauti hamna anwani kama zilivyo kwenye CD za mafaili. Kompyuta ikizidiwa, draivu inasimama kusubiri, halafu inarudi kutafuta pale ilipoishia, na kwa kuwa haina anwani kamili inaweza kutua nyuma kidogo au mbele kidogo. Ikitua nyuma sauti inajirudia, ikitua mbele sauti inarukwa, na mshono ule ndo tik. Nikaiondoa ile njia ya IDE pale kwenye orodha, nikawasha upya, Windows ikaitambua upya ikarudi DMA. Nikabadilisha na waya bapa, ule wa zamani ulikuwa umekunjwa vibaya karibu na kichwa. Tik za kuhama zikaisha siku hiyohiyo.

Zikabaki za kutohama.

Kwa hizi nikaacha kutumia programu iliyokuja na kompyuta nikashusha Exact Audio Copy, ya Mjerumani mmoja, ni bure kwa matumizi ya nyumbani. Wanaotumia Linux wanayo cdparanoia, wazo lake linafanana. Hii kila kipande inakisoma zaidi ya mara moja na kulinganisha, majibu yakipishana inarudia, mara 16 mpaka ipate majibu 8 yanayofanana, ikikosa inaanza upya, na sehemu mbaya kabisa inaweza kusomwa mpaka mara 82. Ni polepole, CD yenye mikwaruzo inaweza kukaa masaa, ila kitu kizuri ni kwamba inasema ukweli, ikishindwa inakwambia nimeshindwa wimbo huu, dakika hii. Kitu kimoja cha kuangalia pale mwanzo ni memori ndogo ya draivu yenyewe, kuna draivu zikiulizwa mara ya pili hazirudi kwenye CD, zinakupa jibu lilelile la kwanza kutoka kwenye memori, sasa hapo kulinganisha hakuna maana, ukiiambia programu kwamba draivu ina tabia hiyo inaizunguka. Kwa zile orijino kuna pia AccurateRip, unalinganisha faili lako na ya watu wengine walioripi CD hiyohiyo, na nyingi za dansi za Ulaya zilikubali. Za kuchoma hazimo huko, ile CD ni wewe peke yako unayo, kwa hiyo nilikuwa naripi mara mbili, namba ya ukaguzi, ile programu inayoikokotoa kutoka kwenye sauti yote, ya kwanza na ya pili zikifanana napita.

Kusafisha. Maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, kipande cha khanga kuukuu ambacho kimefuliwa mpaka kimelainika, na unafuta kutoka katikati kwenda nje, mstari ulionyooka. Mama alikuwa anafuta kwa kuzungusha kama anafuta sahani, na wengi tunafanya hivyo. Njia ya muziki inazunguka, ukifuta kwa kuzunguka na kuna punje ya mchanga kwenye kitambaa, mkwaruzo unafuata njia ileile unakula sauti mfululizo mpaka masahihisho yanashindwa. Ukifuta kutoka katikati, mkwaruzo unakatiza njia, unakula kidogo hapa kidogo pale, na hicho kinazibika. CD tisa zilipona kwa maji na sabuni tu.

Dawa ya meno nayo nimeijaribu, kwenye CD ambayo ilikuwa imeshakufa, mikwaruzo midogo ya juu juu ilipungua na nyimbo mbili zikasomeka. Siwezi kuifanya kwenye CD ninayoipenda. Na upande wa maandishi usiguse kabisa. Watu wanalinda upande wa kung'aa na kuilaza CD kwa upande wa juu, lakini chini kuna plastiki ya milimita 1.2 ya kukinga, juu kuna rangi na lakeri nyembamba tu halafu papo hapo ndo ile tabaka inayorudisha mwanga. Ukiikwangua pale juu ukanyanyua CD kwenye taa ukaona tundu la mwanga, kilichokuwepo pale kimeondoka, hamna sabuni ya kukirudisha. Mbili za mama zilikuwa na stika ya bei imebanduliwa kwa kucha. Hizo zimeenda.

Kitu kingine ambacho sio tik lakini mama alikilalamikia, sauti ya kanuni na fidla, vile vyombo vya nyuzi vya taarab, ilikuwa kama inatokea majini. Nilikuwa nimeziweka kwenye mp3 ya kilobiti 128 kwa sekunde ili flashi itoshe. Hiyo sio CD wala draivu, ni kubana kupita kiasi. Awamu ya pili zote niliziweka kwanza FLAC ambayo haitupi kitu, CD moja inakula kama megabaiti 300 hivi, boksi zima halikufika giga 20, halafu kutoka pale ndo natengeneza mp3 kubwa kubwa za flashi ya mama. Sitaki kuripi boksi lile mara ya tatu.

Basi CD ya harusi. Ilikuwa ya kuchoma, na CD za kuchoma data yake imekaa kwenye rangi inayofifia kwa jua na joto, na hii ilikaa miaka kwenye kabati la dirishani. Usomaji unaanza katikati unakwenda nje, na nje huku ndo palikuwa pamefifia zaidi, na bibi yuko wimbo wa mwisho kabla ya mmoja, yaani pembeni kabisa. Kompyuta yangu ikawa inashindwa sekunde kama kumi na moja za sehemu ile, na ilisema wazi imeshindwa. Nikaiacha. Niliiweka kwenye kava lake, kabati la giza, sikutaka kuilazimisha.

Miaka ikapita, 2019 nikanunua laptop ambayo haina sehemu ya CD kabisa, nikapata draivu ya nje ya USB. Nikaweka CD ya harusi, tik kila mahali, hata nyimbo za mwanzo ambazo zilikuwa safi! Moyo ulinienda mbio, nikajua imekufa sasa. Halafu nikakumbuka sheria yangu mwenyewe, nikaripi tena nikalinganisha, na zilikuwa zinahama. Nilikuwa nimeichomeka kwenye habu, kile kigawanyo cha USB, ambayo haina umeme wake, pamoja na mausi na diski nyingine. Draivu ikianza kuzungusha CD inataka umeme mwingi kuliko habu ile inavyoweza kutoa, inalegea, inapoteza njia. Nikachomeka moja kwa moja kwenye laptop kwa ule waya wenye vichwa viwili, zikaisha.

Na hii draivu mpya ilisoma sehemu ambayo ya zamani ilishindwa. Sio kwamba ilikuwa bora, maana kuna sehemu ilishindwa yenyewe ambapo ya zamani ilipita. Draivu hazifanani, kila moja ina leza yake na lenzi yake na namna yake ya kufuata njia, ukishindwa na moja azima nyingine kwa jirani kabla hujakata tamaa. Nikaazima ya tatu ofisini, nikaishusha kasi mpaka mara 4, nayo ikasoma sekunde tatu ambazo zote mbili zilikwama.

Ikabaki kuunga. Nilidhani nitakata kipande cha faili la draivu hii nikipachike kwenye faili la ile, basi. Nikapachika, na pale kwenye mshono ikalia tik, safari hii nimeitengeneza mwenyewe. Kumbe kila draivu inaanza kusoma pembeni kidogo ya pale inapodhani, na kila aina ina pengo lake. Kati ya ile ya kwanza na ya pili tofauti ilikuwa sampuli 661, na sekunde moja ina sampuli 44,100, kwa hiyo ni kama sehemu 15 za elfu za sekunde, kitu ambacho huwezi kukiona mpaka uvute picha ya sauti iwe kubwa kabisa. Nikaivuta, nikalisogeza faili moja mpaka mawimbi yakalala juu ya mawimbi sawasawa, nikakata mahali sauti inapita kwenye sifuri. Kazi hiyo ilinichukua usiku mbili, umeme ulikatika mara moja katikati nikaanza upya, na sikujali.

Wimbo ukatoka mzima. Bibi anaimba beti zake zote mbili, maneno yote yapo, vigelegele vipo. Isipokuwa sehemu moja, kabla tu hajaanza ubeti wa pili, kuna mlio, dup, mfupi. Niliuhangaikia sana ule. Nikaripi kwa draivu zote tatu, upo palepale kwa zote. Nikaripi mara nne kwa draivu moja, namba ya ukaguzi ya sehemu ile haibadiliki hata kidogo, hakuna kosa lililoripotiwa. Nikafikiria kuufuta kwa Audacity, ni kama nusu sekunde, nikaona ngoja nimpigie kwanza mama.

Nikampigia nikamwekea simu karibu na spika. Akasikiliza kimya mpaka mwisho, hakusema kitu kwa muda, nikawa namsikia anapumua tu. Nikamuuliza, mama umeusikia ule mlio kabla ya ubeti wa pili, niutoe? Akasema, "Usiutoe. Huyo bibi yako huyo, aligonga maiki na bangili, alikuwa anamsogezea shangazi yako kiti akae."